Tovuti nyingi, seva moja, cheti kimoja: mambo ya kujua kabla kikundi chenu hakijajiunga

Kikundi cha vijana, shule ya jamii, ushirika wa mafundi cherehani: kila kimoja kinaweza kutaka tovuti yake, lakini si kila kimoja kina fedha za kulipia seva ya peke yake. Ndiyo maana vikundi kadhaa huchanga na kuweka tovuti zao kwenye seva moja. Njia hii ni ya kawaida na inaweza kuwa salama. Lakini kabla hamjakubali kutumia pia cheti kimoja cha usalama, fahamuni jambo hili: cheti hutaja majina ya tovuti zote zilizomo, na mtu yeyote anaweza kuyasoma.

Cheti cha usalama ni nini?

Anwani ya tovuti ikianza na https, simu yako na seva huwasiliana kwa maandishi yaliyofichwa. Mtu aliye katikati, kwa mfano mwenye Wi-Fi unayoitumia, hawezi kusoma nenosiri lako wala fomu unayojaza. Cheti huihakikishia simu yako kwamba seva inayojibu ni ya jina uliloandika.

Cheti hakithibitishi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Tapeli naye anaweza kupata cheti bila kulipa chochote.

Seva moja inajuaje tovuti unayoitaka?

Hapo zamani, kwa kawaida kila tovuti salama ilihitaji anwani yake ya IP, kwa sababu seva ililazimika kuonyesha cheti kabla ya kujua mgeni anataka tovuti ipi. Mwaka 2003 ulichapishwa utaratibu unaoitwa SNI. Kwa utaratibu huu, simu hutaja jina la tovuti mwanzoni mwa mawasiliano, kisha seva huchagua cheti kinachofaa. Ni kama mgeni anayepiga hodi kwenye lango la ua wenye nyumba nyingi na kutaja mtu anayemtafuta. Vivinjari vya leo vinaelewa SNI.

Kwa hiyo, kushiriki seva hakuwalazimishi kushiriki cheti.

Kumbuka pia kwamba mara nyingi jina hilo hutajwa bila kufichwa. Mwenye mtandao anaweza kujua umefungua tovuti ipi, ingawa haoni ulichosoma.

Mna njia tatu

1. *Cheti kimoja kwa kila tovuti.* Kila kikundi kina cheti chake na ufunguo wake wa siri, hata kama seva ni moja.

2. *Cheti chenye majina mengi.* Kinafanana na kadi ya mgao inayoorodhesha watu wote wa kaya. Shirika la Let's Encrypt, ambalo limekuwa likitoa vyeti bure kwa umma tangu mwishoni mwa 2015, huruhusu hadi majina 100 kwenye cheti chake cha kawaida.

3. *Cheti cha nyota.* Hutumika pale tovuti zote zinapokuwa chini ya jina moja kuu. Cheti cha *.kijiji.example kinatosha kwa shule.kijiji.example na afya.kijiji.example. Hakihusu kijiji.example yenyewe mpaka jina hilo nalo liongezwe, wala hakihusu ngazi nyingine ya chini, kama picha.shule.kijiji.example.

Mkishiriki cheti, mnashiriki nini?

- Majina. Anayefungua tovuti ya timu ya mpira anaweza kutazama cheti na kuona kwamba kinataja pia tovuti ya kikundi kinachosaidia waliofanyiwa ukatili. Vyeti vinavyokubaliwa na vivinjari pia huandikwa kwenye daftari za wazi mtandaoni, na haviwezi kufutwa humo. Ikiwa uhusiano kati ya vikundi viwili unaweza kumhatarisha mtu, msiviweke kwenye cheti kimoja.

- Ufunguo wa siri. Cheti kimoja kina ufunguo mmoja. Ukiibwa, mwizi anaweza kujifanya tovuti yoyote iliyotajwa humo. Itabidi cheti kibatilishwe na kingine kitolewe kwa wote.

- Tarehe ya mwisho. Vyeti vya kawaida vya Let's Encrypt vimekuwa vya siku 90, na muda wa vyeti vyote unazidi kufupishwa: kufikia Machi 2029 hakuna cheti kipya cha umma kitakachozidi siku 47. Cheti cha pamoja kikiisha, tovuti zote huonyesha onyo kwa wakati mmoja.

- Kukwama kwa mmoja. Kabla ya cheti kutolewa upya, kila jina huhakikiwa. Kikundi kimoja kikiacha kulipia jina lake, uhakiki wake unaweza kushindikana na kuzuia cheti cha wote.

Tunawashauri nini?

Kama fundi wenu anaweza, chagueni cheti kimoja kwa kila tovuti. Gharama haiongezeki, kwa kuwa vyeti vya bure vipo na programu kama Certbot huvihuisha zenyewe. Kabla ya kuanza, kubalianeni kwa maandishi:

- nani anashika nenosiri la seva, na nani atalishika akihama au akipata makazi katika nchi ya tatu;
- nani anaangalia tarehe za vyeti, kwani tangu Juni 2025 Let's Encrypt haitumi tena barua pepe za kukumbusha;
- jina la kikundi kinachojitoa litaondolewaje.

Kumbukeni kwamba hata mkiwa na vyeti tofauti, seva bado ni moja. Anayeidhibiti anaweza kufikia data za tovuti zote zilizomo. Orodha za majina ya watu, namba za usajili na taarifa za afya zisiwekwe kwenye seva ya kuchangia.

Ukiona onyo kwenye simu yako

Kwanza angalia tarehe na saa ya simu. Betri ikiisha kabisa, saa inaweza kurudi nyuma, na cheti kizuri kikaonekana kibaya. Simu za Android za toleo lililo chini ya 7.1.1 nazo zinaweza kukataa vyeti vya Let's Encrypt.

Kama tarehe ni sahihi na onyo linasema jina halilingani au cheti kimeisha, usiandike nenosiri wala namba yako ya usajili. Wajulishe wenye tovuti.

Ukifungua cheti na kukuta majina usiyoyajua, hilo peke yake si dalili ya utapeli. Huenda vikundi hivyo vinashiriki cheti tu. Soma kwa makini jina lililo kwenye anwani, herufi kwa herufi. Na tovuti yoyote ikikudai pesa ili upewe nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu, ni ya utapeli hata kama ina alama ya kufuli. Huduma za UNHCR na washirika wake ni bure.