Lindi na London: Maili na Siku

Mtu akituuliza, "London na Lindi ni mbali gani?" yafaa nasi tumwulize: Wataka kujua maili, au wataka kujua siku? Maili hazibadiliki. Kwa mstari ulionyoka ni maili 4,860 hivi, nazo zilikuwa hizo hizo zamani za babu zetu. Lakini siku zimepungua sana. Na sisi tukaao Mkunya, juu ya uwanda wa Makonde, yatupasa kujua zilivyopungua, na mahali zilipokataa kupungua.

Hapo kale merikebu zilizotoka Uingereza zilizunguka Afrika yote ya kusini. Mwaka 1869 mfereji wa Suez ulifunguliwa, na mwaka 1872 meli za British India zikaanza kuleta barua Zanzibar kila mwezi kwa njia ya Aden. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani, wanaume kwa wanawake. Wakashuka Lindi, wakaenda bara kwa miguu hata Masasi, wakajenga huko. Njia ile yapita maili 80. Msafara wenye mizigo, ukienda maili 10 kwa siku, hutwaa siku nane na zaidi.

Kisha zikaja eropleni. Mwaka 1920 Pierre van Ryneveld na Quintin Brand waliondoka Uingereza tarehe 4 Februari, wakafika Cape Town tarehe 20 Machi, baada ya kuvunja eropleni mbili njiani. Mwaka 1931 kampani ya Imperial Airways ilifungua njia ya kutoka London mpaka Mwanza. Na mwaka 1937 zikaanza eropleni za majini, zenye tumbo kama la mashua. Zilitoka Southampton, zikafuata mto Nili mpaka Kisumu, zikapita Mombasa na Dar es Salaam, zikatua katika maji ya Lindi, kisha zikaendelea mpaka Durban. Safari hiyo yote haikuzidi wiki moja.

Hapa pana jambo la kufikiri. Abiria aliyeondoka Uingereza aliweza kushuka Lindi kabla mpagazi aliyetoka Lindi siku ile ile hajafika Masasi. Bahari na jangwa vilivukwa kwa siku chache, lakini maili 80 za kwetu zilibaki vile vile kwa mtu asiye na nauli ya lori. Na miaka ile ile mama zetu wa uwandani waliamka gizani kushuka bondeni kuteka maji, wakarudi jua limekwisha panda.

Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet iliondoka London, ikafika Johannesburg kabla ya kutimia saa 24. Ndege ya siku hizi, isipotua njiani, yaweza kutoka Dar es Salaam mpaka London, maili 4,660, kwa muda wa saa 10 hivi.

Basi, tusiipime safari kwa eropleni peke yake. Mgonjwa wa kijijini haulizi ndege yaenda upesi gani. Auliza nani atamfikisha barabarani. Watoto wetu shuleni wapimapo ramani kutoka London mpaka Lindi, na waulizwe swali la pili: Huyu abiria akiisha kushuka Lindi, atafikaje Mkunya, na kwa siku ngapi?