Kitabu cha wagonjwa na kitabu cha maji huko Uvira

Sisi mapadri na makatekista tumezoea kuandika: ubatizo, ndoa, wafu, hesabu ya watoto wa katekisimu. Mara nyingi twaandika kwa utii tu, kisha kitabu chalala kabatini. Historia ya kipindupindu huko Uvira yatuonyesha kitabu cha namna hiyo chaweza kusema nini, kikifunguliwa.

Kipindupindu cha siku hizi kilianza Indonesia mwaka 1961, kikaingia Afrika mwaka 1970, na karibu na mwaka 1978 kilikuwa kimefika kando ya Tanganika. Tangu hapo hakikutuaga. Uvira umebanwa kati ya milima na ziwa. Robine zikikauka, mama wa nyumba hushika bidoni na kushuka ziwani au mtoni. Nani atamlaumu?

Basi, katika lopitali kuu ya Uvira, mgonjwa wa kipindupindu akilazwa huandikwa pamoja na tarehe yake. Mahali pengine mjini, watu wa REGIDESO huandika kiasi cha maji yaliyotolewa kila siku. Vitabu hivyo viwili havikujuana. Wataalamu wa London pamoja na Wakongo wakavilinganisha siku kwa siku, tokea 2009 hata 2014, wakatangaza mwaka 2015 mambo waliyoyaona. Siku moja bila maji ya bomba, ikilinganishwa na siku ya maji tele, iliongeza wagonjwa kwa 155% katika siku 12 zilizofuata. Na upungufu wa maji ulihesabiwa kuwa chanzo cha wagonjwa karibu 23 katika kila 100. Kwa hiyo kitabu cha maji chaonya kabla kitabu cha wagonjwa hakijajaa.

London yenyewe ilijifunza hivyo zamani. Mwaka 1854 munganga John Snow alishuku bomba la Broad Street. Henry Whitehead, padri wa Waanglikana mtaani, hakumsadiki kwanza. Lakini alipochungua kitabu cha vifo aliona mtoto mchanga aliyeugua kabla ya wengine, katika nyumba iliyo karibu na bomba lile.

Tusizidishe sifa, lakini. Si kila anayehara ana kipindupindu: tangu 2016 kipimo cha haraka kimetumika Uvira, na wengi waliodhaniwa kuwa nacho hawakuonekana nacho. Tena kitabu hakizuii mto. Aprili 2020 Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kuharibu vyombo vya maji. Mwaka ule ule watu wa mji wakapewa chanjo.

Je, vijiji vya kando ya ziwa, kuelekea Baraka, ambako hakuna robine wala lopitali kubwa? Huko anayeona kwanza nafasi tupu ni mwalimu au katekista. Akiandika tarehe, kijiji na sababu ya kukosa kuja, na kumpelekea muuguzi siku ile ile, kazi imekwisha anza. Ripoti ya mwezi huchelewa mno, maana kipindupindu hujitokeza kati ya saa chache na siku 5 baada ya mtu kunywa maji mabaya.