Njia ya Kitabu: Maonyesho ya London, Wachapishaji wa Dar es Salaam na Msomaji wa Heru Juu

Makala haya yakusudia kueleza habari za maonyesho ya vitabu yaliyofanywa London baina ya mwaka 1982 na mwaka 1995, na uhusiano wake na kazi ya uchapishaji iliyofanyika Dar es Salaam kabla ya hapo. Huenda msomaji akauliza kwa nini maonyesho ya mji wa Ulaya yapewe nafasi katika jarida la Kiswahili. Jibu lake ni kwamba kitabu kimoja kilichowapa wachapishaji wale sifa na nguvu kiliandikwa katika nchi yetu, na mambo yaliyomo yawahusu watu wetu, hata wale wa vilimani Buha walio mbali na bahari na mbali na maduka ya vitabu. Basi tutaanza kwa watu hao, twende Dar es Salaam, tuvuke hadi London, na mwisho turudi tulikoanza.

Heru ilikuwa mojawapo ya falme za Buha, na mtawala wake aliitwa mwami. Heru Juu iko katika nyanda za juu za Kasulu, mahali penye baridi, mvua ya kutosha na ardhi inayokubali maharagwe, mahindi na migomba. Mtu aonaye nchi hiyo leo aweza kudhani kwamba wenyeji wake hawakuwa na haja ya kuhama kutafuta riziki. Walakini katika zama za ukoloni nchi ya Waha ilifanywa kuwa ghala ya vibarua. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na njia ya kupata fedha nyumbani ilikuwa nyembamba. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na njia iliyotazamiwa kuleta biashara ikawa pia njia ya kuchukua watu. Vijana walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Huko kila mmoja alipewa namba, na kwa namba hiyo wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chama chao cha kuandikisha vibarua, kilichojulikana kwa jina la SILABU, na Kigoma ilikuwa miongoni mwa sehemu kilikochota watu wengi. Nyumbani wanawake walibaki na jembe, watoto na wazee.

Habari hizi zilikaa muda mrefu katika vinywa vya watu na katika majalada ya serikali tu. Mtu aliyefanya bidii kubwa kuziingiza katika maandishi ya historia, pamoja na wanafunzi na wenzake, alikuwa Walter Rodney, mzaliwa wa Guyana. Rodney alifundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1966 na 1967, akaenda Jamaica, na Oktoba 1968 serikali ya kisiwa hicho ikamkataza kurudi humo. Mwaka 1969 alirejea Dar es Salaam akakaa mpaka mwaka 1974. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba umaskini wa Afrika haukutokana na uvivu wala ujinga wa watu wake, bali ulitengenezwa kwa njia zinazoweza kuelezwa na kuthibitishwa: biashara ya watumwa, kodi, kazi ya kulazimishwa na bei zilizopangwa na wengine. Kijana wa Heru aliyepanda garimoshi kwenda Tanga alikuwa ushahidi ulio hai wa hoja hiyo.

Dar es Salaam ya siku zile ilikuwa mji wa kuandika na kujadili. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, na vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika vilikuwa na ofisi mjini. Wanafunzi wa Chuo Kikuu walianzisha jarida liitwalo Cheche mwaka 1969. Katika jarida hilo Issa Shivji aliandika mwaka 1970 uchunguzi wake juu ya matabaka katika Tanzania. Mwaka uo huo serikali ililipiga marufuku jarida hilo pamoja na chama cha wanafunzi walioliendesha. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa maana laonyesha kwamba serikali iliyofuata siasa ya ujamaa haikupenda kila maandishi ya ujamaa. Maneno ya mrengo wa kushoto yalikuwa halali. Uhuru wa kuyasema nje ya chama ulikuwa jambo jingine.

Kazi ya kuchapisha vitabu ilishikwa hasa na Tanzania Publishing House. Kampuni hii iliundwa mwaka 1966 kwa ubia baina ya Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Macmillan ya Uingereza, na baadaye ikawa mali ya umma. Mwaka 1972 Walter Bgoya alipewa uongozi wake, akaushika hadi mwaka 1990. Mwaka ule ule wa 1972 kampuni hiyo ilitoa kitabu cha Rodney, How Europe Underdeveloped Africa, yaani jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma. Kilitolewa kwa ushirikiano na kampuni ndogo ya London iitwayo Bogle-L'Ouverture, na maneno ya mwisho yaliandikwa na Abdulrahman Mohamed Babu wa Zanzibar. Kitabu hicho kikasomwa Afrika, Karibi, Marekani na Ulaya. Hatuna budi kukiri kwamba jambo hili lilikuwa la fahari: kitabu kilichotoka Dar es Salaam kiliingia katika mabishano ya ulimwengu mzima.

Sasa yafaa tueleze hao wa London walikuwa watu gani. Bogle-L'Ouverture ilianzishwa na Jessica Huntley na mumewe Eric, wenyeji wa Guyana, nayo ilipewa majina ya mashujaa wawili, Paul Bogle wa Jamaica na Toussaint L'Ouverture wa Haiti. Sababu ya kuanzishwa kwake ilikuwa Rodney mwenyewe. Alipokatazwa kuingia Jamaica, rafiki zake walitaka mihadhara yake isomwe. Wakaichapa kitabu mwaka 1969, na kitabu hicho kikawa cha kwanza cha kampuni. Kazi waliifanya nyumbani mwao. Kabla yao, mwaka 1966, John La Rose wa Trinidad na Sarah White walikuwa wameanzisha New Beacon Books, nao vilevile walianzia nyumbani. Watu hawa hawakuwa matajiri. Waliona kwamba wachapishaji wakubwa huchagua lipi la Mwafrika lisemwe na lipi linyamaziwe, na kwamba malalamiko hayatoshi kuwa dawa. Mwenye neno hana budi kuwa na mtambo, au angalau kuwa na kampuni na duka. Maduka yao yalishambuliwa mara kadhaa na wabaguzi wa rangi, lakini hawakuyafunga.

Rodney aliuawa kwa bomu Georgetown tarehe 13 Juni 1980, akiwa na umri wa miaka 38. Duka la akina Huntley likapewa jina lake. Baada ya miaka miwili New Beacon, Bogle-L'Ouverture na wachapishaji wa jarida la Race Today waliungana kufanya Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu vya Kimapinduzi vya Watu Weusi na vya Ulimwengu wa Tatu. Yalifunguliwa Aprili 1982 katika ukumbi wa mji wa Islington, London, na aliyeyafungua alikuwa C. L. R. James, mwanahistoria mashuhuri wa Trinidad. Tangu mwaka huo yalifanywa kila mwaka mpaka 1991, kisha 1993 na 1995. Jumla yake mara 12. Hayakufungiwa London peke yake, bali yalipelekwa pia katika miji mingine ya Uingereza wanamokaa watu weusi na Waasia wengi, kama Manchester na Bradford.

Aliyezoea maonyesho makubwa ya biashara ya vitabu ajua kwamba huko mchapishaji hukutana na mchapishaji mwenzake ili wauziane haki za kuchapa, na msomaji wa kawaida ni mtazamaji tu. Maonyesho haya yalikuwa na desturi nyingine. Meza za vitabu zilipangwa katika ukumbi ambao mtu yeyote wa mtaa aliweza kuingia. Mchana watu walinunua na kubishana. Jioni palikuwa na mashairi, muziki na mijadala juu ya siasa za Afrika, Asia, Karibi na Ulaya yenyewe. Mwandishi alisikia kwa masikio yake jinsi msomaji alivyomwelewa. Mwuza vitabu wa kisiwa kidogo alimpata mtu wa kumtumia vitabu ambavyo hakuna jumla kubwa ambayo ingevibeba.

Afrika ya Mashariki ilikuwa karibu na duara hilo. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekwisha kuwekwa kizuizini nchini kwake kwa mwaka mzima, alianza maisha ya uhamishoni London mwaka 1982, na mwaka huo iliundwa kamati ya kudai kufunguliwa kwa wafungwa wa siasa wa Kenya, mwenyekiti wake John La Rose. Mwenzetu Abdilatif Abdalla alikuwa London wakati huo, akifanya kazi katika idhaa ya Kiswahili ya BBC. Yeye alifungwa miaka mitatu tangu 1969 kwa sababu ya kijikaratasi chake cha kuihoji serikali ya Kenya, na alipofunguliwa mwaka 1972 alikuja Dar es Salaam akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili hadi mwaka 1979. Mfano wake watosha kutukumbusha kwamba katika nchi zetu karatasi chache zilizopigwa chapa bila ruhusa ya wakubwa ziliweza kuwa na thamani ya miaka mitatu ya maisha ya mtu.

Hapa pana jambo la kulinganisha. James aliyeyafungua maonyesho ya London alikuwa mmoja wa waliohimiza kufanywa kwa Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika, uliokutana Dar es Salaam Juni 1974. Walakini ulipowadia hakuhudhuria, kwa kuwa vyama vya upinzani vya Karibi vilizuiliwa, nao ukawa zaidi mkutano wa serikali. Dar es Salaam ilikuwa na ukumbi, chuo, waandishi na kampuni ya umma ya vitabu. Ila mlango ulikuwa mikononi mwa dola. London walikuwa na fedha kidogo na maadui barabarani. Ila mlango ulikuwa wao. Tena, dola ilipopungukiwa, kitabu nacho kilipungukiwa. Katika miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa haba na karatasi ikawa adimu, na kampuni ya umma ikadhoofika. Bgoya alitoka, akaanzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991, kampuni inayojitegemea. Kabla ya hapo, mwaka 1989, yeye na wachapishaji wenzake wa Afrika walikuwa wameunda African Books Collective, chenye makao Oxford, ili wauze wenyewe vitabu vyao katika nchi za kaskazini.

Turudi sasa Heru Juu. Mwaka 1983, miaka mitatu baada ya kifo cha Rodney, kilitoka kitabu juu ya vibarua wa mkonge katika Tanganyika ya kikoloni. Waandishi wake walikuwa Rodney, Kapepwa Tambila na Laurent Sago. Tambila alieleza habari za Tanga, mahali palipovuta watu. Sago alieleza habari za Kigoma, mahali palipotolewa watu. Kilichapishwa Hamburg, kwa Kiingereza. Hatusemi hivi kwa kuwalaumu waandishi, kwa maana pasipo wao habari hizo zingalikufa pamoja na wazee. Lakini tuutazame mwendo wenyewe: mzee alitoka Buha akaenda Tanga akiwa namba, habari yake ikaenda Ujerumani ikiwa kitabu, na mjukuu wake, akitaka kuisoma, hana budi kwanza ajifunze lugha ya pili ya shule, kisha atafute nakala ng'ambo.

Wala haiwezi kusemwa kwamba hapakuwa na wasomaji. Hesabu za serikali zilionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma walikuwa 67 kwa mia mwaka 1967, na baada ya kampeni ya elimu ya watu wazima wakawa 39 kwa mia mwaka 1975. Wala haiwezi kusemwa kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba mambo hayo. Tanzania Publishing House hiyo hiyo ilitoa Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi mwaka 1978, na Kuli mwaka 1979. Katika Kuli jasho na mgomo wa wachukuzi wa bandari ya Zanzibar vimeelezwa kwa lugha ya wachukuzi wenyewe, na kitabu kimesomwa na vizazi vya wanafunzi. Mkata mkonge alistahili heshima ile ile aliyopewa kuli.

Kwa hiyo fundisho la maonyesho ya London halimo katika wingi wa vitabu vilivyouzwa. Limo katika swali waliloliuliza waanzilishi wake: kitabu ni cha nani? Wao walijibu kwa vitendo kwamba lazima mwenye habari awe pia mwenye kampuni, na kwamba kazi ya mchapishaji haijaisha mpaka kitabu kimefika mkononi mwa yule kinayemhusu. Kwa sababu hiyo hawakungoja watu wawaendee, bali waliwafuata katika miji yao. Sisi tumetimiza nusu ya jibu hilo. Wachapishaji wanaojitegemea tunao, na waandishi tunao. Bado kutimiza nusu ya pili, yaani lugha na safari.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Historia ya manamba imecheza ugenini kwa miaka mingi, ikatunzwa na wageni. Itakapoandikwa kwa Kiswahili kizuri, ikachapwa na kampuni yetu, na kupangwa juu ya meza siku ya soko katika Kasulu, ndipo mtu wa Heru Juu atakapoweza kuifungua, kuisoma, na kusema mahali ambapo mwandishi amekosea.