Ndege zilipotua juu ya maji Kisumu

Leo naacha programu kidogo, tuongee ndege. Sisi wa Birongo tukitaka kupanda ndege, wengi huteremka hadi Kisumu. Kuna wanaodhani mji huo umeanza mambo ya anga juzi tu, uwanja wake ulipofunguliwa kuwa wa kimataifa mwaka 2012. Wapi! Mwaka 1931 ndege za Imperial Airways tayari zilitua Kisumu zikielekea Mwanza, tena zilitua ziwani.

Kwa nini majini? Ndege nzito inataka njia ndefu na ngumu ya kurukia, na kujenga njia hizo toka Misri hadi Afrika Kusini kungekula pesa nyingi mno. Maziwa, mito na bahari vilikuwepo bure. Basi tangu 1937 ndege za Short Empire, zenye injini nne na tumbo kama la mashua, zilitoka Southampton, zikafuata mto Nile, kisha Port Bell, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, hadi Durban. Abiria walikuwa wachache. Mzigo wenyewe hasa ulikuwa barua. Barua iliruka kituo hadi kituo, kama paketi za data zinavyopita ruta moja baada ya nyingine. (Samahani, kazi imeniharibu.)

Kilichoziua ni saruji. Vita Kuu ya Pili viliacha viwanja virefu kila pembe ya dunia, na ndege za nchi kavu zilikuwa na kasi zaidi. BOAC, iliyorithi kazi ya Imperial, ilizitua zake hata Naivasha kwa muda mfupi, kisha ikaachana nazo mwaka 1950.