Fidia kwa aliyejeruhiwa na mhalifu: njia ya mkazi wa Mgeta

Mkulima wa Doma, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, akijeruhiwa na tembo, serikali ina fungu la kumpa. Ndicho kifuta machozi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, 500,000 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu na 200,000 kwa majeruhi wa kawaida. Viwango vimepandishwa baadaye. Mkulima mwenzake wa Mgeta, wilaya hiyohiyo ya Mvomero, akikatwa panga na jambazi wakati akirudi kutoka gulioni Nyandira, hana fungu wala fomu ya namna hiyo. Tanzania haijawa na mfuko wa jumla wa kuwafidia waathirika wa jinai. Wa kulipa ni mhalifu mwenyewe, na kumfikia ni kupitia mahakamani.

Msingi wa kisheria upo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, zinaipa mahakama mamlaka ya kumwamuru aliyetiwa hatiani amlipe aliyemuumiza, kwa fedha au kwa vitu, pamoja na adhabu nyingine. Kwa makosa ya kujamiiana, marekebisho ya mwaka 1998 yaliipa fidia uzito zaidi: anayefungwa kwa ubakaji huamriwa pia kumlipa aliyebakwa. Kwa makosa mengine hakimu ana hiari, na hiari hiyo ina mpaka wa ajabu. Kifungu cha fidia cha Sura ya 20 hakigusi kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Maana yake, aliyevunjwa mkono anaweza kuamriwa alipwe katika kesi ileile, lakini mjane wa aliyeuawa kwa kukusudia hawezi kutegemea kifungu hicho.

Kwa kuwa mahakama huamuru fidia kwa hasara iliyothibitishwa, kazi kubwa hufanyika siku za mwanzo, mara nyingi kabla mtuhumiwa hajakamatwa. Karatasi ya kwanza ni PF3, fomu ya polisi inayojazwa kituoni na kukamilishwa na daktari. Mahututi apelekwe hospitali kwanza, ndugu afuatilie fomu. Daktari akiandika tu kwamba mgonjwa ana jeraha mkononi, hakimu hana cha kupima. Akiandika urefu wa jeraha, mshipa uliokatika, vidole visivyokunjika na muda ambao mgonjwa hatashika jembe, hapo kuna hesabu. PF3 ina mtego mwingine pia: lazima ipokelewe mahakamani kwa utaratibu na kusomwa kwa sauti. Mahakama ya Rufani imeziondoa nyingi kwenye kumbukumbu kwa sababu hazikusomwa, au kwa sababu mshtakiwa hakuelezwa haki yake ya kutaka daktari aitwe.

Nyuma ya PF3 zikae stakabadhi za dawa, za vipimo na za nauli. Nauli si jambo dogo kwa mtu wa Mgeta. Makao ya wilaya yako kaskazini mwa Morogoro, kwa hiyo anayetoka mlimani hushuka hadi Sangasanga kwenye barabara kuu ya Iringa, apite Morogoro mjini, ndipo aelekee huko. Kibarua aliyelipwa kulima karoti au kabichi za mgonjwa naye ni gharama, na jina lake na malipo yake yaandikwe. Mwathirika hana wakili wake katika kesi ya jinai. Ni shahidi wa Jamhuri. Kwa hiyo amwambie mwendesha mashtaka mapema, na karatasi mkononi, kwamba anaomba amri ya fidia. Asipoombewa, mara nyingi hukumu hutoka na kifungo peke yake.

Kuna pia kishawishi cha kuyamaliza nyumbani mbele ya wazee wa ukoo. Kwa shambulio dogo sheria yenyewe inaruhusu mahakama kuhimiza suluhu yenye malipo. Kwa ubakaji au unyang'anyi hairuhusiwi, na anayepokea mbuzi ili anyamaze anaweza kujikuta mshtakiwa.

Amri ikishatolewa, fedha hazitoki siku hiyo. Lazima muda wa rufaa uishe, au rufaa iliyokatwa isikilizwe kwanza. Kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu, kusudio la rufaa hutolewa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Kisha huja swali gumu zaidi: mfungwa ana nini? Katika ukamataji wa mali kwa madai, nyumba anamoishi mdaiwa na familia yake haiguswi, wala shamba ambalo maisha yake yote yanalitegemea. Isitoshe, kwa Waluguru ardhi nyingi ni ya ukoo wa upande wa mama. Mtu anailima bila kuwa na ya kuuza. Ndiyo maana amri nyingi hubaki karatasi.

New Zealand ililiona pengo hili mwaka 1963 ikatunga sheria ya serikali kulipa pale mhalifu asipoweza, na Uingereza ikafuata mwaka 1964. Azimio la Umoja wa Mataifa la 1985 linazitaka nchi zijitahidi kufanya hivyo. Kenya iliandika mfuko wa waathirika katika sheria yake ya mwaka 2014. Tanzania ina vipande tu: sheria ya mwaka 2008 iliunda mfuko kwa waliosafirishwa kiharamu, jambo linalowahusu mabinti wanaochukuliwa vijijini kwa hila. Na mlinzi aliyejeruhiwa na majambazi akiwa kazini ana haki ya kudai kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, bila kusubiri jambazi apatikane. Nadhani mlango huu wa pili unasahauliwa mno, kwa kuwa watu huita tukio hilo ujambazi na kusahau kwamba ni ajali ya kazini.

Aliyekosa yote hayo bado anaweza kufungua kesi ya madai dhidi ya aliyemuumiza, ndani ya miaka 3 tangu tukio. Kiasi alichokwisha kulipwa kwa amri ya kesi ya jinai kitazingatiwa katika hesabu. Asiye na fedha za wakili aombe msaada wa kisheria chini ya sheria ya mwaka 2017. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri ndiyo ya kuanzia.