Dar es Salaam ya Muhogo Mchungu

Sensa ya 1948 ilikuta Dar es Salaam ina watu 69,000 hivi. Ya 1957 ikakuta zaidi ya 128,000. Wengi wa walioongezeka walikuwa vijana wa bara na kusini, walioshuka Kariakoo na kifurushi kwapani wakiulizia nyumba ya ndugu.

Serikali ya kikoloni iliwatazama vijana hao kwa hofu. Asiye na kazi alikamatwa kwenye misako akarudishwa kwao, atake asitake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ikaleta na sinema: kampuni kutoka Afrika Kusini ilikuja Tanganyika kutengeneza filamu za Kiswahili, zichezwe na Waafrika wenyewe. Mojawapo ni Muhogo Mchungu, kisa cha mtu wa shamba aliyeingia mjini, na mji ukamchezea.

Nyota wa filamu ile alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa.

Alizaliwa 1926 Matepwende, Songea, mtoto wa mwindaji wa tembo. Alisoma Tabora, akawa karani serikalini, kisha akaingia kazi ya maendeleo ya jamii na sinema ya gari. Sinema ile ilikuja na kila kitu chake. Shuka jeupe lilitandwa, jenereta likanguruma kando, mwanga wa mtambo ukajaa wadudu. Watoto walikaa chini mbele kabisa, na waliokosa nafasi walizunguka nyuma ya shuka wakaitazama picha kinyume. Mimi naamini ile ndiyo iliyokuwa shule yake kubwa. Kabla watu hawajamtazama yeye, yeye alishawatazama watu: wanacheka wapi, wananyamaza wapi.

Alicheza pia katika Chalo Amerudi na Meli Inakwenda. Lakini jina linalonirudia ni lile la muhogo. Muhogo mchungu una sumu. Humenywa, hulowekwa siku kadhaa, huanikwa juani mpaka uwe makopa, ndipo hutwangwa unga. Hata hivyo watu wa kusini huupanda kwa kusudi, maana nguruwe hawaushambulii kama ule mtamu, na mwaka wa njaa ndio unaobaki ardhini. Jina lile lilitolewa kama onyo kuhusu mji. Mkulima akilisikia, anasikia pia kwamba uchungu una namna yake ya kutolewa, na kwamba muhogo huo unalisha nyumba.

Kawawa hakurudi shamba. Mwaka 1953 alipelekwa Urambo, kufanya kazi miongoni mwa Wakikuyu waliowekwa kizuizini huko. Aliongoza chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na mwaka 1955 lilipoundwa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, TFL, akawa katibu mkuu wake wa kwanza. Watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na chama cha siasa cha TANU, naye akaiacha kazi ya serikali. Sasa watu wake walikuwa makuli wa bandarini, maboi wa nyumba za Wazungu, vibarua wa mashamba ya mkonge. Wengi wao ni walewale walioshuka Kariakoo na kifurushi kwapani, ila safari hii walikuwa na kadi ya chama cha wafanyakazi mfukoni.

Januari 1962 Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu, aliyekikalia kiti alikuwa Kawawa, umri wake miaka 35, miaka kama kumi tu tangu Muhogo Mchungu.