Picha (kituo cha sanaa, Lubumbashi)

Picha ni kituo cha sanaa ya kisasa mjini Lubumbashi, makao makuu ya jimbo la Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kilianzishwa mwaka 2008 na kundi la wasanii wa mji huo, wakiwemo mpiga picha Sammy Baloji (alizaliwa 1978) na mwandishi Patrick Mudekereza (alizaliwa 1983), na tangu hapo kimekuwa mikononi mwa wasanii. Kinajulikana zaidi kwa Bienale ya Lubumbashi, ambayo ilianza kwa jina la Rencontres Picha.

Sanaa ilikuwepo Lubumbashi zamani. Kilichokosekana ni wasanii kuwa na nyumba yao. Mwaka 1946, mji ukiitwa bado Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, ofisa wa zamani wa jeshi la majini, alifungua karakana ya Le Hangar. Humo Pilipili Mulongoy alichora ndege na samaki, Mwenze Kibwanga akajaza michoro yake mistari myembamba, na Bela Sara akapaka rangi kwa ncha za vidole, bila brashi. Mwenye karakana hakutaka waige Ulaya. Nia ilikuwa njema, ila aliyeamua lipi ni la Kiafrika na lipi si la Kiafrika alikuwa yeye, na vifaa na wanunuzi vilipitia kwake. Alipofariki mwaka 1954, karakana ilimezwa na chuo cha sanaa cha Laurent Moonens. Miaka ya 1970 Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia nzima ya nchi, takriban michoro 100, akaieleza kwa Kiswahili cha Katanga mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Leo anayetaka kuiona michoro hiyo hana budi kufika Amsterdam.

Picha ilizaliwa katika mji uliokuwa umeshuhudia Gécamines, kampuni ya madini ya serikali iliyorithi Union Minière, ikiporomoka. Baloji alikuwa ameshatengeneza mfululizo wake wa Mémoire (2006): wafanyakazi kutoka picha za kale za kampuni, baadhi yao wakiwa wafungwa wenye minyororo shingoni, wamekatwa na kubandikwa mbele ya mitambo iliyochakaa ya leo. Kazi hiyo ilituzwa kwenye maonyesho ya upigaji picha ya Bamako, Mali, mwaka 2007. Mwaka uliofuata Rencontres za kwanza zikafanyika Lubumbashi, zikiwa za upigaji picha na video.

Matoleo yaliyofuata yalikabidhiwa wakurugenzi wa kisanaa walioalikwa: Simon Njami (2010), Elvira Dyangani Ose (2013), Toma Muteba Luntumbue (2015 na 2017) na Sandrine Colard (2019). Toleo la 2022 liliitwa ToxiCité, likahusu sumu katika mji wa migodi. Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi ni miongoni mwa kumbi zinazotumika. Kati ya bienale moja na nyingine, kazi kubwa hufanyika kimyakimya katika Ateliers Picha, ambako wasanii chipukizi wa mji hufanya kazi pamoja na waliowatangulia.

Ukitaka kuelewa mwelekeo wa wasanii wa kituo hiki, tazama Essay on Urban Planning (2013) ya Baloji. Picha zilizopigwa kutoka angani zinaonyesha ukanda mtupu uliotenganisha mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika, na kando yake vimepangwa visanduku vya wadudu kutoka makumbusho ya mji. Upana wa ukanda ule ulipimwa kwa umbali ambao mbu aliaminika kuweza kuruka. Katika kampeni ya 1929 ya kuua nzi, mfanyakazi alitakiwa kuleta nzi 50 kwa siku ndipo apewe posho yake ya chakula.

Jean Katambayi Mukendi, aliyezaliwa mwaka 1974 na kusomea ufundi umeme, huchora balbu kubwa kwa kalamu ya wino, akiziita Afrolampes; ucheshi huo anauonja vizuri anayeishi na umeme wa Lubumbashi. Alishiriki pia On-Trade-Off, mradi ambao Picha iliuanzisha mwaka 2018 pamoja na Enough Room for Space ya Ubelgiji, kuhusu lithiamu ya Manono, mji wa kale wa bati katika jimbo la Tanganyika. Mojawapo ya matunda yake ni gari la Tesla la ukubwa halisi lililosukwa kwa waya wa shaba, kama magari ya waya ya watoto, ila hili halina wa kulisukuma. Shaba, kobalti na lithiamu zinatoka nyumbani, na gari lenyewe linauzwa kwingine. Kazi chache zimeusema uchumi wa Katanga waziwazi hivyo.

Uhuru wa kituo una mpaka wake. Sehemu kubwa ya fedha imetoka kwenye mifuko ya utamaduni ya Ulaya, kwa hiyo kila bienale huanza kwa kuandika maombi. Tofauti na zama za Le Hangar ni kwamba anayeandika maombi hayo, na anayealika wakurugenzi wa kisanaa, ni msanii. Mudekereza baadaye alikwenda kuongoza kituo kingine cha mji huo, Waza.